Darasa la Mwanangu Limeunganishwa na Darasa la Wapi?

Siku hizi likitajwa jambo la shule "kuunganishwa" na shule ya mbali, kila mtu analifasiri apendavyo. Mtaa wa Langoni, Lamu, utasikia kwamba watoto watagawiwa simu. Muyeye, Malindi, utaambiwa shule imepata mfadhili, madawati mapya yako njiani. Wengine wanaamini mwalimu wa Kizungu atasomesha hesabu kupitia skrini, na mwalimu wetu abaki kushika chaki tu. Na kwenye vikundi vya WhatsApp vya wazazi hakukosi mama wa kuuliza: "Mwalimu, na hiyo picha ya mwanangu itakwenda wapi?"

Hilo la picha ndilo swali zito kuliko yote, na nitalifikia. Lakini kwanza tujue tunazungumzia nini.

Kuunganisha madarasa ni walimu wawili, kila mmoja na shule yake, kukubaliana kwamba wanafunzi wao watafanya kazi moja na kupashana matokeo. Ni hayo tu. Shule hazigeuki kuwa moja, mtaala haubadiliki, na hakuna mwalimu anayepoteza kazi. Gredi ya sita ya Lamu inabaki gredi ya sita ya Lamu. Mtandao unaingia hapo kama njia ya kubebea kazi ya watoto kutoka upande huu hadi ule.

Chombo kinachotumika sana ni blogu. Huu ni ukurasa wa mtandaoni ambapo mwenyewe anaandika habari moja baada ya nyingine, ile mpya ikikaa juu. Kila habari huitwa chapisho, na chini yake pana nafasi ya msomaji kuandika maoni. Blogu ya darasa ni hiyo hiyo, ila waandishi ni watoto na mwenye funguo ni mwalimu. Akiipanga inavyotakiwa, hakuna kinachoonekana kabla hajakipitisha, liwe chapisho la mwanafunzi au maoni ya mgeni. Kazi hiyo ya kupitisha na kukataa ndiyo inayoitwa kuchuja.

Watu wa Lamu hawahitaji maelezo marefu hapa, maana nyumba za kale za mji zina daka. Mgeni anabisha hodi, anaketi kwenye baraza la daka, anaamkiwa, anazungumza na mwenye nyumba mpaka haja yake iishe, na kote huko ndani hajakuona. Blogu ndiyo daka la darasa. Daftari la alama, majina kamili, nani amekaripiwa jana, nani hajalipa pesa za chakula, hayo ni ya ndani. Daka lenyewe laweza kuachwa wazi kwa kila apitaye, au likafungwa wakawa wanaingia waliopewa nywila tu: lile darasa rafiki, pamoja na wazazi. Kwa mwalimu anayeanza, mimi ningemshauri afunge. Kufungua baadaye ni rahisi, lakini kilichokwisha kuonwa na watu hakifichiki tena.

Jambo lenyewe si geni

Waliosoma miaka ya sabini na themanini wanakumbuka marafiki wa kalamu: barua, stempu, kungoja wiki hata miezi, na furaha ya kuona bahasha yenye jina lako. Walimu walikuwa wamekwisha kulitumia wazo hilo zamani zaidi. Nchini Ufaransa, katika miaka ya 1920, mwalimu wa kijijini Célestin Freinet alinunua mashine ndogo ya kuchapa, akawaacha wanafunzi wachape maandishi yao wenyewe, kisha akawa anabadilishana kurasa hizo kwa posta na mwalimu mwenzake wa Brittany, kaskazini-magharibi mwa nchi. Wanafunzi wa Freinet walikuwa watoto wa vilima vya kusini, na wale wengine walikuwa watoto wa pwani. Kila upande ulikuwa na habari ambazo upande wa pili haukuwa nazo.

Mwaka 1988, kabla intaneti haijafika majumbani, mtandao wa iEARN ulianza kwa kuunganisha shule za jimbo la New York na za Moscow, wakati Marekani na Muungano wa Kisovieti hazikuwa zikiaminiana. Mwaka 2005 Tume ya Ulaya ilianzisha eTwinning ili shule za nchi za Ulaya zitafutane na kufanya kazi pamoja. Mwaka 2011 mwalimu David Mitchell wa Bolton, Uingereza, alikuja na utaratibu mwepesi aliouita QuadBlogging: shule nne zinashirikiana, na kila wiki shule moja inakuwa mwenyeji, zile tatu nyingine zikienda kwenye blogu yake kusoma na kuandika maoni. Mitchell alikuwa ameona tatizo ambalo kila mwalimu mwenye blogu analijua. Watoto wanaandika kwa bidii wiki ya kwanza, wiki ya pili wanachungulia kama kuna aliyewasoma, na wiki ya tatu, wakikuta kimya, wanaacha.

Kwani msomaji wa mbali ana nini?

Insha ya kawaida ya shuleni ina msomaji mmoja, naye ni mwalimu. Mwalimu huyo anaishi mji ule ule, jana alipita njia ile ile, na jibu analijua kabla hajafungua daftari. Mtoto akiandika "tulikwenda Maulidi, tukarudi usiku", mwalimu wa Lamu ameshaelewa yote. Kinachobaki ni kusahihisha tahajia.

Sasa tuseme insha imekwenda kwa darasa la Eldoret. Mtoto wa Lamu ameandika kwamba alipanda boti mpaka Mokowe, ng'ambo ya bara, kisha akapanda basi. Mwenzake wa Eldoret anauliza kwenye maoni: "Kwa nini basi halikuja kuwachukua nyumbani?" Swali la kitoto, lakini kulijibu ni kazi. Itabidi aeleze kwamba wanaishi kisiwani, kwamba njia za mji wa kale ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi kungoja, kwamba mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001 na hauwezi kubomolewa ili gari lipite. Huyo mtoto hajawahi kueleza mambo hayo maishani, kwa sababu hakuwahi kukutana na mtu asiyeyajua. Akimaliza, amejifunza jiografia ya kwao na amejifunza kuandika, na hakuna aliyemwambia "leo tunasoma jiografia".

Kwangu mimi, hiki ndicho kipimo cha mradi wowote wa namna hii: je, upande wa pili una kitu ambacho sisi hatuwezi kukipata peke yetu? Kama hauna, kuunganishwa kwenyewe ni kupoteza bando.

Kuna zoezi moja linaloonyesha jambo hili wazi kuliko maneno. Chukua fimbo ya mita moja, uichomeke wima kwenye uwanja wa shule Malindi siku ya tarehe 20 au 21 Machi, au 22 au 23 Septemba, siku ambazo jua liko juu ya ikweta. Watoto wapime kivuli kila baada ya dakika chache kuanzia saa sita mchana. Hawatapata kile kifupi kabisa saa sita kamili. Mwezi Machi kitatokea karibu saa sita na nusu, na Septemba mapema kidogo, kwa sababu saa ya Kenya imepangwa kwa nchi nzima na jua halikushauriwa. Kivuli hicho kifupi kitakuwa kama sentimita 5 na nusu, nacho kitaelekea kusini.

Siku hiyo hiyo, darasa la Addis Ababa linafanya vilevile. Kwao kivuli kitakuwa karibu sentimita 16, na kitaelekea kaskazini. Ubishi utaanzia hapo. Jua ni moja, fimbo ni sawa, siku ni ile ile. Vipi vivuli viangukie pande mbili? Mwalimu asiharakishe kujibu. Mtoto atakayetoka kutafuta mpira na taa ili aone mwenyewe ameshapata somo la wiki.

Kisha hesabu. Kila darasa linachora fimbo na kivuli chake kwa kipimo, linapima pembe: Malindi digrii 3 na kidogo, Addis digrii 9. Kwa kuwa vivuli vimeelekea pande tofauti, pembe zinajumlishwa, wapate digrii 12 na robo hivi. Ramani itawaambia kwamba ukihesabu moja kwa moja kutoka kusini kwenda kaskazini, miji hiyo imeachana karibu kilomita 1,355. Digrii 12 na robo zinaingia katika duara la digrii 360 mara 29 na zaidi kidogo. Zidisha kwa 1,355, na mzingo wa dunia ndio huo, karibu kilomita 40,000, umepimwa kwa fimbo mbili. Mgiriki Eratosthenes alifanya hivyo nchini Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, akitumia Syene, yaani Aswan ya leo, na Alexandria.

Darasa la Malindi likijaribu peke yake, kivuli ni kifupi mno: kosea nusu sentimita tu na hesabu nzima imeharibika. Nusu ya jibu iko Ethiopia. Na kwa bahati, walimu hao wawili hawatagombana juu ya saa, kwa kuwa Waethiopia nao wanahesabu saa kuanzia alfajiri. Mchana wao ni saa sita, kama wetu.

Walimu wakipenda, mkoba wa pwani hauishiwi na mambo ambayo darasa jingine haliwezi kuyapata vitabuni kwa urahisi. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi alifika huko mwaka 1415, na darasa lolote la China litakuwa na la kusema juu yake. Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi, kuna kituo cha anga cha Waitalia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lake la baharini setilaiti ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, ikapewa jina Uhuru. Watoto wangapi wa Malindi wanalijua hilo? Wakiulizwa na darasa la Roma, watalazimika kwenda kuuliza wazee.

Video si lazima, na mara nyingi haifai

Dhana kubwa kuliko zote ni kwamba kuunganishwa maana yake ni kuonana kwa video. Watu wanafikiria projekta, watoto wamejipanga, upande wa pili wanapunga mikono. Hiyo ni njia moja, ya papo kwa papo, ambapo pande zote mbili sharti ziwepo wakati mmoja. Njia ya pili ni ya awamu: leo sisi tunaandika, kesho kutwa wao wanasoma, wiki ijayo wanajibu. Blogu iko upande huu wa pili, pamoja na sauti zilizorekodiwa, picha, na hati ambazo madarasa mawili yanaziandika kwa zamu.

Mimi napendelea ya awamu bila kusita, hasa kwa shule zetu. Saa moja ya video ya kikundi inakula megabaiti mia kadhaa, na ikiwa picha ni safi hufika gigabaiti nzima. Insha ya maneno mia tatu ni kilobaiti mbili tatu. Picha moja ya simu za sasa ni megabaiti tatu hadi tano, lakini ukiipunguza, kilobaiti mia mbili zinatosha na hakuna atakayeona tofauti. Kwa bei ya mkutano mmoja wa video, darasa linaandika muhula mzima.

Halafu kuna suala la mtandao kukatika. Tangu nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya imekuwa ya kasi kuliko ile ya zamani iliyotegemea setilaiti za mbali. Hata hivyo Mei 2024 nyaya mbili zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Afrika Mashariki nzima ikaona mtandao unatambaa kwa siku kadhaa. Mkutano wa video siku kama hiyo umekufa. Chapisho la blogu linangoja, likapanda kesho yake, na hakuna aliyejua. Kuanzia Julai 2023 Starlink nayo inauzwa Kenya, na kwa visiwa vilivyo mbali na minara ni afueni kwa mwenye uwezo wa kuilipia. Shule nyingi hazina uwezo huo.

Na saa zenyewe ni mtego. Mwalimu wa Italia akiandika kwamba mtakutana Jumanne saa 10:00, mtoto wa Malindi atasoma saa kumi ya jioni. Muitalia alikuwa na maana ya saa nne asubuhi, na tena ya kwao. Majira ya baridi Italia iko nyuma yetu kwa saa mbili, majira ya joto kwa saa moja, na mabadiliko hayo hutokea Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Ukipanga mkutano wa kila wiki mwezi Machi bila kulijua hilo, Aprili mmoja wenu atakaa mbele ya skrini tupu. Kalenda nayo haisaidii: Novemba na Desemba sisi tuko likizo ndefu wakati shule za Ulaya zimechanganya kweli. Ongeza swala ya Ijumaa, ongeza madrasa za alasiri, ongeza Ramadhani, na utaona kwa nini kutafuta saa moja inayofaa pande mbili ni kazi ya mwezi.

Video moja, ya dakika ishirini, mwishoni mwa kazi, watoto wakiwa wameshajuana kwa maandishi na wana la kuulizana, hiyo inafaa. Video ya kuanzia aghalabu ni wimbo, kupunga mikono, na "mnatusikia?"

Picha ya mtoto

Turudi kwa mama wa kikundini. Sheria ya Kenya iko upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inakataza kutumia taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na inataka taarifa hizo zitumiwe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto mwenyewe. Picha ni taarifa. Jina ni taarifa. Si sheria ya kwenye makaratasi tu: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kwa hiyo mwalimu anayesema "ni picha tu" hajui anachocheza nacho. Idhini iwe ya maandishi, iseme waziwazi picha au maandishi yatawekwa wapi, nani ataona, na kwamba mzazi anaweza kubadili nia. Na mzazi akikataa, mtoto wake asitengwe. Insha yake inaweza kwenda bila jina.

Malindi ina sababu ya ziada ya kuwa makini. Mji wa utalii unawajua wageni wema, na unawajua pia wale ambao polisi wamewatafuta kwa kuwadhulumu watoto. Hofu ya wazazi haikutoka hewani, na mwalimu asiidharau. Lakini ukiutazama mradi uliopangwa vizuri, mtoto hazungumzi na mtu mzima yeyote wa mbali peke yake. Hana akaunti yake, hapokei ujumbe wa faragha. Anaandika darasani, mwalimu anapitisha, na jibu linakuja kwa darasa zima kupitia kwa mwalimu wa upande wa pili. Jina ni la kwanza tu, au la kubuni ambalo darasa limelichagua. Picha ionyeshe mikono inayosuka makuti, jahazi walilolichonga, ukuta wa magofu ya Gede, ubao wenye hesabu. Uso hauhitajiki, na nembo ya shule kwenye sare haihitajiki kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo inayomwambia mtu asiyetakiwa mtoto yuko wapi saa mbili asubuhi. Picha za simu aghalabu hubeba ndani yake alama ya mahali zilipopigiwa. Kipengele hicho kizimwe kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga.

Huduma nyingi za mtandaoni, WhatsApp ikiwemo, zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Wanafunzi wa msingi wengi hawajatimiza. Mwalimu anayewaambia "fungueni akaunti, andikeni umri wowote" amewafundisha uongo kabla ya kuwafundisha kuandika.

Na mfadhili je?

Hapa nitasema bila kupaka mafuta. Mwenendo wa kuingia kwenye urafiki wa shule kwa nia ya kupata madawati umeharibu miradi mingi. Watoto wa upande wa pili wanaambiwa wachange, wa upande huu wanaambiwa wapige picha darasa lenye paa bovu, na kuanzia siku hiyo hakuna mazungumzo ya watu sawa. Mmoja anatoa, mwingine anashukuru. Ile hesabu ya vivuli haifanyiki tena, maana nani atamsahihisha mfadhili kwamba kipimo chake kimekosewa?

Walimu wakubaliane tangu barua ya kwanza kwamba fedha na zawadi hazimo. Shule ina kamati yake na njia zake za kutafuta msaada. Mlango huo ubaki mbali na huu. Mtoto asigeuzwe bango la kuombea.

Na kwani lazima darasa rafiki liwe la Ulaya? Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya Lamu, na una njia nyembamba, milango ya nakshi na matatizo ya nyumba kuporomoka kama yetu. Kilwa Kisiwani imo humo tangu 1981. Watoto wa Lamu na wa Unguja wakilinganisha namna wanavyokiita kitu kimoja, au bei ya samaki, au jinsi kaskazi na kusi zinavyobadilisha kazi za wavuvi, hawatahitaji mkalimani wala kubadili saa. Hili linaondoa dhana nyingine, kwamba mambo haya hufanyika kwa Kiingereza tu. Somo la Kiswahili lina insha, barua na mijadala kwa wingi, na vyuo vikuu vya Marekani, Ujerumani na kwingineko vina wanafunzi wanaojifunza Kiswahili ambao wangefurahi kusoma Kiswahili cha mtoto wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, kuliko cha kitabuni. Wanaotaka tarehe ya kuanzia wana Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani.

Vifaa, kidogo kuliko unavyodhani

Mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma. Baadhi vinafanya kazi, baadhi vimelala kabatini, na mwalimu mkuu ndiye anayejua vya kwenu viko wapi. Lakini hata bila hivyo, simu moja ya mwalimu inatosha kuanza. Watoto wanaandika madaftarini, wanasomeana, wanasahihishana, kisha insha mbili tatu zinachaguliwa na kuchapwa. Majibu yakija, mwalimu anayanakili ubaoni au anayasoma kwa sauti. Hakuna mtoto anayegusa simu, na ile marufuku ya simu kwa wanafunzi haivunjwi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini 2019, unataka mtoto awe na umilisi wa mawasiliano na ushirikiano na ujuzi wa kidijitali, na sehemu kubwa ya hayo hutimia hapo kwenye daftari na ubao.

Daftari lina faida nyingine siku hizi. Insha iliyoandikwa kwa mkono darasani, mwalimu akizunguka, haikuandikwa na programu ya akili unde. Darasa rafiki litajua mara moja likipelekewa maneno laini yasiyo na harufu ya mahali.

Kinachoua miradi hii si vifaa. Mara nyingi ni uhamisho wa mwalimu. Mwalimu aliyeanzisha anapelekwa Hola au Kwale katikati ya mwaka, anaondoka na simu yake, barua pepe ya blogu ilikuwa yake, nywila anaijua yeye, na upande wa pili wanaandika miezi miwili bila jibu wakidhani wamechukiwa. Kwa hiyo kabla ya chapisho la kwanza, blogu ifunguliwe kwa barua pepe ya shule. Nywila iandikwe na kuwekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na walimu wawili wa shule hiyo wawe na funguo, si mmoja. Na yule wa upande wa pili apewe namba ya ofisi ya shule, ili siku kukiwa kimya ajue pa kuuliza.